Sura Moja, Spishi Nyingi: Popo Wanaofanana na Afya ya Binadamu

Mama mmoja anafika zahanati asubuhi akiwa na mikwaruzo miwili midogo mkononi. Anaeleza kwamba usiku, alipokuwa akifunga dirisha, popo alimgonga, akamkwaruza na kutoweka.

"Pole, mama. Alikuwa popo wa aina gani?" anauliza mhudumu.

"Sijui, daktari. Popo tu. Mdogo, wa rangi ya kahawia."

Mazungumzo ya namna hii yanaweza kutokea katika zahanati yoyote ya Afrika Mashariki. Jibu la mama huyo ni la kweli, na wengi wetu tungejibu hivyo hivyo. Hata hivyo, Kenya pekee ina zaidi ya spishi 100 za popo, na sehemu kubwa kati yao ni wadogo na wana rangi ya kahawia au ya kijivu. Isitoshe, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonesha kwamba hata mtaalamu aliyemshika popo mkononi na kumpima kwa rula anaweza kukosea jina lake. Ndani ya jina moja zimegunduliwa spishi mbili, tatu na hata tano, ambazo macho hayawezi kuzitofautisha kwa urahisi.

Makala haya yanaeleza jinsi spishi hizo fiche zinavyogunduliwa, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la wataalamu wa wanyama linamhusu mhudumu wa afya na mgonjwa wake. Hoja yetu ni moja: jina la mnyama ni chombo cha tiba. Jina likichanganya viumbe wawili, basi yote tunayoyajua kuhusu ugonjwa anaoubeba, mahali anapoishi na namna ya kujikinga naye yamechanganyika pia.

Funzo kutoka maabara zetu

Mhudumu wa maabara aliyezoea kupima kinyesi anaujua mtihani huu. Chini ya hadubini anaona sisti ya amiba, ya mviringo, yenye viini vinne. Kwa miaka mingi sisti ya namna hiyo iliandikwa Entamoeba histolytica, na mgonjwa akapewa dawa. Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alipendekeza kwamba ndani ya jina hilo zimo spishi mbili: moja inayosababisha kuhara damu na jipu la ini, na nyingine, aliyoiita Entamoeba dispar, inayokaa utumboni bila kumdhuru mtu. Kwa kuwa sisti zake zilikuwa na sura ileile, wengi hawakumkubali. Ilipofika mwaka 1993, ushahidi wa vimeng'enya na vinasaba ulikuwa umetosha, na spishi hizo mbili zikatenganishwa rasmi. Ndipo ilipofahamika kwamba watu wengi waliohesabiwa kuwa na amiba hatari walikuwa na ile isiyo na madhara.

Mfano wa pili ni mbu wa malaria. Jina Anopheles gambiae lilitumika zamani kwa kundi zima la mbu wanaofanana. Majaribio ya kuwazalisha pamoja katika miaka ya 1960 yalionesha kwamba baadhi yao, wakipandana, huzaa madume tasa, yaani hawakuwa spishi moja. Leo tunajua kwamba ndani ya kundi hilo yumo Anopheles gambiae mwenyewe, anayependelea damu ya binadamu. Yumo Anopheles arabiensis, anayeuma watu na ng'ombe na ambaye mara nyingi huuma nje ya nyumba. Yumo Anopheles merus, anayezaliana katika maji ya chumvi ya pwani. Na yumo Anopheles quadriannulatus, anayependelea wanyama na ambaye mchango wake katika kueneza malaria ni mdogo mno. Mpango wa kudhibiti malaria usiotenganisha mbu hawa unaweza kutumia fedha nyingi kumpiga vita mbu asiye na hatia huku ukimwacha mwenye hatia.

Mambo yaliyotokea kwa amiba na mbu ndiyo yanayotokea sasa kwa popo.

Kwa nini popo hufanana?

Spishi, kwa maelezo mepesi, ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao katika mazingira ya asili na kuendeleza nasaba yao pasipo kuichanganya na ya kundi jingine. Kwa kawaida tunazitambua spishi kwa macho: twiga si punda milia, na kunguru si njiwa. Lakini macho ni yetu sisi, wala si ya popo. Kiumbe anayetoka gizani na kurudi gizani hana haja ya kumtambua mwenzake kwa rangi ya manyoya. Anamtambua kwa sauti na kwa harufu. Ndiyo maana spishi mbili zinaweza kutengana kabisa kwa milio na kwa uzazi, zikabaki na koti la rangi moja.

Sababu ya pili ni kazi ya kuruka. Mbawa za popo ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya mifupa mirefu ya vidole. Popo wawili wanaowinda nondo wa aina moja katika msitu wa aina moja wanahitaji mbawa za umbo moja, na maumbile hayatoi nafasi kubwa ya kutofautiana. Sababu ya tatu ni historia ya nchi yenyewe. Misitu ya Afrika Mashariki imepanuka na kusinyaa mara nyingi kadiri vipindi vya mvua na ukame vilivyopishana. Popo waliobaki katika mlima huu hawakukutana tena na wenzao wa mlima ule, na kwa muda mrefu sana vinasaba vyao vikaachana ilhali sura zikibaki zilezile.

Wanatenganishwaje?

Njia ya kwanza ni kusikiliza. Popo wanaokula wadudu hutoa sauti kali, kisha husikiliza mwangwi wake ili kujua mdudu yuko wapi na ukuta uko wapi. Sikio la binadamu haliwezi kusikia sauti inayozidi takribani kilohezi 20, kwa hiyo watafiti hutumia vifaa maalumu vya kuzinasa.

Nchini Uingereza yuko popo mdogo mwenye uzito wa gramu 5 hivi, Pipistrellus pipistrellus, ambaye hujificha katika mapaa ya nyumba na aliyejulikana kwa jina hilo tangu mwaka 1774. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba popo hao walikuwa na milio ya aina mbili: wengine nguvu ya sauti yao ilikuwa karibu na kilohezi 45, na wengine karibu na kilohezi 55. Mwaka 1997 vinasaba vyao vikalinganishwa, na katika jeni moja ya mitokondria tofauti ikazidi asilimia 11. Popo aliyekaa juu ya vichwa vya watu kwa karne mbili, katika nchi yenye wachunguzi wengi wa wanyama, alikuwa spishi mbili.

Njia ya pili, basi, ni vinasaba. Mtafiti huchukua kipande kidogo sana cha ngozi ya ubawa, ambacho jeraha lake hupona lenyewe, kisha popo huachwa aende zake. Maabara husoma mpangilio wa herufi za urithi katika jeni iliyochaguliwa. Jeni inayotumiwa sana kwa popo ni ile ya saitokromu b, yenye herufi 1,140 hivi. Tofauti ya asilimia 11 katika jeni hiyo ni sawa na herufi zaidi ya 120. Popo wa spishi moja katika eneo moja kwa kawaida hutofautiana kwa herufi chache tu.

Njia ya tatu ni ya zamani, lakini haijapitwa na wakati: kupima fuvu, meno na mifupa ya popo waliohifadhiwa katika makumbusho. Mara nyingi, baada ya vinasaba kuonesha mahali pa kutazama, tofauti ndogo za fuvu ambazo hakuna aliyezijali huanza kuonekana.

Popo wa Mombasa aliyerudishiwa jina lake

Pwani yetu ina kisa chake. Katika miaka ya 1870 Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Berlin, alimweleza popo aliyetoka Mombasa, mwenye kijani cha ngozi puani kilichogawanyika kwa juu kuwa ncha tatu. Alimwita Triaenops afer, yaani wa Afrika. Wataalamu waliofuata waliona kwamba anafanana mno na Triaenops persicus, aliyeelezwa mwaka 1871 kutoka Shiraz nchini Iran, wakaliweka kando jina la Peters. Popo wa Mombasa na popo wa Uajemi na Oman wakawa kitu kimoja vitabuni. Mwaka 2009 Petr Benda na Peter Vallo walilinganisha mafuvu na vinasaba vya popo hao na kuonesha kwamba wa Afrika ni spishi yake yenyewe. Popo wa Mombasa akarudishiwa jina lake la kwanza. Katika kazi hiyohiyo ikatambuliwa spishi mpya, Triaenops parvus, kutoka Yemeni.

Kisa hicho si cha pekee. Mwaka 1878 Peters huyohuyo alimpa jina Rhinolophus hildebrandtii popo mkubwa kutoka Taita, mwenye kijinyama cha puani chenye umbo la kiatu cha farasi. Jina hilo likaja kutumika kwa popo wote waliofanana naye hadi Afrika Kusini. Mwaka 2012 Peter Taylor na wenzake walichunguza milio, mafuvu na vinasaba vyao, wakatenga spishi nne mpya kutoka Afrika Kusini, Zimbabwe na Msumbiji. Mmojawapo, Rhinolophus mabuensis, amepewa jina la Mlima Mabu wa Msumbiji.

Vivyo hivyo, popo mwenye masikio makubwa aliyeelezwa mwaka 1897 kutoka eneo la Tanga, Otomops martiensseni, alidhaniwa kuwa ndiye anayeishi pia katika mapango ya Mlima Suswa nchini Kenya. Mwaka 2015 popo wa Kenya, Ethiopia na Yemeni walitengwa na kupewa jina lao, Otomops harrisoni.

Kazi hiyo inaendelea, na Waafrika wamo ndani yake. Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara, akishirikiana na Bruce Patterson na Terrence Demos wa jumba la makumbusho la Field Museum huko Chicago, amekusanya na kuchunguza popo wa Kenya wa makundi kadhaa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 kuhusu popo wenye kijani cha puani yalionesha nasaba kadhaa ambazo hazina jina lolote katika vitabu. Mwaka huohuo zilielezwa spishi mbili mpya za popo wadogo wa Afrika Mashariki: Pseudoromicia nyanza kutoka Kenya, na Pseudoromicia kityoi kutoka Uganda, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya Robert Kityo wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Si kila tofauti ni spishi

Hapa yafaa kuonya. Tofauti za vinasaba zipo ndani ya kila spishi, na kuwepo kwake ni afya. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa mmoja na damu ya kundi A na mwingine ya kundi O, na hakuna atakayesema kwamba hao ni viumbe wa aina mbili. Kundi la popo lenye vinasaba vya namna nyingi lina nafasi kubwa zaidi ya kuhimili maradhi na ukame kuliko kundi ambalo wote ni kama nakala moja.

Zaidi ya hayo, jeni za mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Zinaeleza ukoo wa upande mmoja, na zikitumiwa peke yake zinaweza kupotosha. Kwa hiyo mtafiti makini hasemi "hii ni spishi mpya" mpaka jeni za kiini cha seli, milio na mifupa vitoe ushahidi unaokubaliana. Nasaba nyingi zilizogunduliwa hazijapewa majina kwa sababu hiyo: ushahidi bado unakusanywa.

Tena, wapo popo ambao sura moja ni spishi moja kweli. Rousettus aegyptiacus, popo mla matunda anayelala mapangoni na anayejulikana kuhifadhi virusi vya Marburg, huruka masafa marefu, na makundi yake ya nchi mbalimbali yamechanganyika vya kutosha kubaki spishi moja inayoenea Afrika hadi Mashariki ya Kati. Kufahamu hilo nako ni muhimu: linaeleza kwa nini virusi vinavyokaribiana vinaweza kupatikana katika mapango yaliyo mbali sana.

Maana yake kwa magonjwa

Mwaka 2007 wachimbaji wa madini katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua ugonjwa wa Marburg. Watafiti waliingia mgodini na kupima popo. Kati ya Rousettus aegyptiacus 611, walikuta alama za kirusi katika 31, yaani asilimia 5.1. Walipima pia popo wengine 609 wanaokula wadudu, wa jenasi ya Hipposideros, wakamkuta mmoja tu mwenye alama hizo. Wale 609 waliripotiwa kwa jina la jenasi peke yake, na Hipposideros ni mojawapo ya makundi ambayo uchunguzi wa vinasaba umeonesha yana nasaba nyingi zilizofichika.

Sasa tufanye hesabu ya kufikirika. Kama popo hao 609 wote ni spishi moja, mmoja kati yao ni chini ya theluthi mbili ya nusu ya asilimia moja, kiasi kidogo sana, na pengine aliambukizwa kwa bahati mbaya kwa kulala jirani na wenzake. Lakini tuseme ndani yao walikuwemo popo 20 wa spishi nyingine, na yule mmoja akawa miongoni mwao. Hapo kiwango kingekuwa asilimia 5, sawa na cha popo anayelaumiwa. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Popo mmoja hatoshi kujenga hoja. Tunasema kwamba takwimu ni ileile, popo ni walewale, na kilichobadili maana yake ni jina.

Mfano mwingine uko juu ya dari zetu. Mwaka 2018 kirusi kipya cha jamii ya Ebola, kinachoitwa Bombali, kilitangazwa kutoka Sierra Leone. Kilikutwa katika popo wa spishi mbili wenye mkia uliochomoza nje ya ngozi ya ubawa: Mops condylurus na Mops pumilus. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba kirusi hicho kimekutwa pia katika Mops condylurus wa Taita nchini Kenya. Popo hawa hupenda kulala katika mapaa ya nyumba, shule na hata vituo vya afya. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuugua kwa sababu ya Bombali, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini jina Mops pumilus linafunika nasaba kadhaa zinazofanana. Anayetaka kujua kirusi kimeenea hadi wapi lazima kwanza ajue amempima nani.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Mwezi wa Oktoba 2007 msafiri mmoja kutoka Ulaya alikwaruzwa na popo mdogo usoni alipokuwa kambini nchini Kenya. Hakupewa chanjo ya kichaa cha mbwa baada ya tukio hilo. Aliporudi kwao aliugua, na mwezi wa Desemba akafariki dunia. Kilichomwua ni kirusi cha Duvenhage, ndugu wa kirusi cha kichaa cha mbwa, kilichotambuliwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 1970 kwa mtu aliyeumwa na popo. Alichoweza kusema kuhusu popo wake ni kile alichosema mama wa mwanzo wa makala haya: alikuwa mdogo.

Kuua popo si kinga

Mkoa wa Kagera ulipatwa na Marburg mwezi wa Machi 2023, ambapo wagonjwa 9 waliripotiwa na 6 kati yao walifariki, na tena mwezi wa Januari 2025 huko Biharamulo. Katika nyakati kama hizo ni kawaida watu kuuliza: kwa nini tusiwaangamize popo wote?

Jibu limo katika mgodi uleule wa Kitaka. Baada ya mlipuko wa mwaka 2007 popo wa mgodini waliangamizwa. Baadaye popo wengine wakahamia humo, ingawa kwa idadi ndogo ikilinganishwa na ya awali. Walipopimwa mwaka 2012, waliokutwa na kirusi walikuwa asilimia 13.3, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kwanza. Mwaka huohuo wilaya ya Ibanda, iliyo karibu na mgodi huo, ikapata mlipuko mkubwa wa Marburg. Maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba kuondolewa kwa popo wa zamani, ambao wengi walikwisha kupata kinga, kulifungua nafasi kwa wageni vijana wasio na kinga, na kirusi kikapata mahali papya pa kuenea.

Ukiongeza suala la spishi fiche, hatari inakuwa maradufu. Anayechoma pango moto hachagui. Anaweza kuangamiza spishi inayoishi katika mapango machache tu duniani, isiyo na kirusi chochote cha kumdhuru binadamu, kabla hata haijapata jina. Pamoja nayo hupotea kazi yake: popo wala wadudu hupunguza wadudu waharibifu mashambani, na popo wala matunda na maua hueneza mbegu za misitu na kuchavusha mibuyu.

Mhudumu wa afya afanye nini?

Mhudumu hahitaji kuwa mtaalamu wa popo. Anahitaji mambo manne.

Kwanza, kutibu bila kusubiri jina. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na popo huwekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi ya kichaa cha mbwa, hata jeraha liwe dogo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, lipakwe dawa ya kuua vijidudu, na mgonjwa apelekwe kupata chanjo pamoja na kingamwili zake. Ni kweli kwamba chanjo iliyopo haikingi kwa kiwango sawa dhidi ya virusi vyote vya jamii hiyo. Kwa mfano, kirusi cha popo cha Lagos, ambacho kimekutwa katika popo wala matunda nchini Kenya, hakizuiwi nayo vizuri. Lakini hiyo si sababu ya kumnyima mgonjwa chanjo. Ni sababu ya kuchunguza zaidi.

Pili, kuuliza na kuandika kwa usahihi. Tukio lilitokea wapi, tarehe gani na saa ngapi? Popo alikuwa darini, pangoni, mtini au amelala chini? Aliruka kama kawaida au alionekana mgonjwa? Kwa mgonjwa mwenye homa kali isiyoelezeka, hasa katika maeneo ya mapango na migodi, aulizwe kama aliingia humo ndani ya siku 21 zilizopita.

Tatu, kutobahatisha. Ikiwa popo hajatambuliwa na mtaalamu, heri kuandika "popo, spishi haijatambuliwa" kuliko kuandika jina la kukisia. Jina la kukisia likishaingia katika daftari huonekana kama ukweli, na atakayekuja kulisoma baada ya miaka kumi hatajua kwamba lilikisiwa.

Nne, kushirikiana. Popo aliyemkwaruza mtu, akipatikana amekufa, asishikwe kwa mkono mtupu. Aingizwe katika chombo chenye kifuniko kwa kutumia glavu nene au koleo, na afisa mifugo au daktari wa mifugo wa eneo hilo ajulishwe. Mwili wake unaweza kujibu maswali mawili kwa pamoja: alikuwa nani, na alibeba nini.

Mgonjwa na jamii wafanye nini?

Usimshike popo, awe hai au amekufa, na uwafundishe watoto hivyo. Usile matunda yaliyotafunwa na popo. Usiingie katika mapango na migodi wanamolala popo wengi pasipo sababu na pasipo kinga. Popo wakiwa darini, usiwaue: subiri watoke jioni, kisha zibeni matundu, mkihakikisha hawakuachwa ndani makinda wasioweza kuruka.

La muhimu kuliko yote, ukiumwa au ukikwaruzwa, sema. Jeraha la popo linaweza kuwa dogo kama la mwiba, na mtu akaona haya kulipeleka hospitali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kinga ya kichaa cha mbwa hufanya kazi kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Hitimisho

Duniani zimeorodheshwa zaidi ya spishi 1,400 za popo, na orodha inarefuka kila mwaka, si kwa sababu popo wapya wanazaliwa, bali kwa sababu tunajifunza kuwasikiliza na kuwasoma wale waliokuwepo siku zote. Mama aliyefika zahanati na mikwaruzo miwili hakukosea kusema "popo tu". Wajibu wa kujua zaidi si wake. Wake ni kufika mapema na kueleza alichokiona. Wa mhudumu ni kumtibu papo hapo na kuandika kwa uaminifu. Wa mtafiti ni kutoa jina lisilochanganya viumbe wawili. Kila mmoja akitimiza sehemu yake, siku moja mhudumu atakapouliza "alikuwa popo wa aina gani?" atakuwa na mahali pa kulitafuta jibu.